Gari Letu Linagonga, na Mke Wangu Hajaiona Bahari

Mpendwa mshauri wa magari, naomba msaada wako, na kabla sijaufikia msaada wenyewe naomba radhi kwa kubisha hodi katika safu yako pasipo kujulikana. Jina langu ni Armas Kettukangas, mkata miti mstaafu, mkazi wa viunga vya mji wa Kuhmo, mtu niliyeacha shule mapema na kujifunza mengine yote, pamoja na uandishi huu, kwa juhudi zangu mwenyewe. Kwa hiyo ukiona nimezunguka mahali ambapo wengine wangenyooka, tafadhali nivumilie, maana jambo lenyewe ni zito na sijawahi kulieleza kwa mtu.

Mimi na mke wangu Irja tunamiliki gari la nyumba, lenye vitanda na jiko ndani, la injini ya dizeli, ambalo kila mwaka, theluji ya kwanza ikinukia, mimi hulilaza katika ghala la nyasi la Reino, kaka yake Irja, ng'ambo ya shamba letu, nikiisha kuliondoa barabarani kwa msimu kwa mujibu wa sheria, kumwaga maji yote ya mabombani ili yasigande na kuyapasua, na kutandaza mitego ya panya chini ya viti. Katika hayo sijapata kulaumiwa na yeyote.

Vuli iliyopita daktari wa mjini Kajaani alimweleza Irja kwamba macho yake yanaharibika kuanzia katikati, kiasi kwamba akimtazama mtu huona masikio na mabega, lakini uso umefunikwa na doa la ukungu, na kwamba doa hilo litapanuka, wala hakuna awezaye kusema kwa kasi gani, ila kiangazi hiki bado ataona mambo makubwa. Tuliporudi na kufika mlangoni, Irja akasema, "Basi nipeleke nikaione ile bahari," nami nikamwahidi. Ni lazima nieleze kwamba tulipooana tulikwenda hadi ufuko wa Bahari ya Aktiki, upande wa Norwe, tukakaa juma zima ndani ya hema, na juma zima ukungu haukuinuka, tuliisikia bahari usiku na mchana, lakini hatukuiona, tukarudi kazini. Tangu siku hizo daima palikuwa na mwaka ujao.

Kwa sababu ya ahadi hiyo, baridi hii sikutaka injini ilale hadi isahau kazi yake. Kila Jumamosi, tukishatoka sauna, bafu letu la mvuke, nywele zingali na maji chini ya kofia, tulivuka shamba juu ya theluji na chupa ya kahawa na mkate wa iliki, tukafungua milango ya ghala, tukaketi katika viti vya mbele, nami nikaiwasha injini, ikanguruma kwa muda wa kikombe kimoja au viwili huku Irja akiuliza, "Tumefika wapi?" nami nikimjibu, Inari, au Utsjoki, vituo vya njia ya kaskazini, au darajani mpakani mwa Norwe, kisha nikaizima, tukarudi nyumbani. Gari halikusogea hata shubiri. Nayaandika haya ili utambue kwamba halikutelekezwa, bali lilitunzwa kuliko mwaka mwingine wowote.

Basi Vappu, sikukuu ya Mei Mosi, ilipopita na barabara kukauka, nililiwasha ili nilitoe nje, na hapo ndipo balaa lilipojitokeza. Kwanza palisikika juu ya injini kelele nyepesi za harakaharaka, mfano wa cherehani, zikapoa baada ya muda mfupi. Pili, mbele palilia mlio mkali kama wa nguruwe anayekamatwa, nao ukapungua. Lakini la tatu halikupungua: kishindo kizito kutoka chini, kama mtu aliyefungiwa anayegonga mlango kwa ngumi, nacho kikaongezeka kasi kila nilipokanyaga mafuta, kikazidi ukali nilipolijaribu mlimani, na hata injini ilipopata joto hakikuniacha.

Nilimwita Reino. Alisikiliza huku akitafuna, akasema, "Shemeji, hata wewe ukilala miezi sita utaamka magoti yanalia. Lipige resi, lipe barabara, litanyamaza lenyewe."

"Na lisiponyamaza?"

"Ongeza redio."

Mheshimiwa, niliongeza redio. Irja alipouliza kutoka barazani, "Armas, nini hicho kinagonga?" nilimjibu kwamba ni pampu ya kisima cha Reino, naye akasema, "Pampu ya Reino haijafanya kazi tangu mama afe," akaingia ndani. Jumapili nilimchukua hadi kanisani kwa gari hilo, muziki ukivuma hadi vijiko vikacheza kabatini. Akaniuliza, "Tangu lini wewe ukapenda muziki wa tango?"

"Mtu hubadilika."

"Kwenye miaka hii? Hebu!"

Aligeukia dirisha, na tulipokuwa tunashuka akanishika mkono wa koti na kuniambia polepole, "Mzee, kama haitawezekana, uniambie mapema, nianze kuzoea."

Nilijifanya natafuta funguo. Basi naja kwako na maswali mawili: kishindo hicho ni cha nini, na je, niufuate ushauri wa Reino, niondoke mara tu baada ya Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, nikitumaini kwamba barabara itakiponya, au nimweleze Irja kwamba safari imekufa? Nasubiri hukumu yako kwa unyenyekevu.

Wako mtiifu,
Armas Kettukangas

*

Bwana Armas,

Kwanza, chomoa funguo hizo uziweke mfukoni. Gari hilo lisiwashwe tena mpaka umalize kusoma na kutenda. Reino asilisogelee.

Sauti zako tatu umezieleza vizuri kuliko mafundi wengi, kwa hiyo nami nitakujibu bila kuzunguka. Ile ya cherehani ni oili iliyoshuka yote chini wakati wa kulala. Ikipanda, kelele hupoa. Isikunyime usingizi. Nguruwe wako ni mkanda wa mbele unaoteleza juu ya kutu. Ubadilishwe, basi. Ngumi ya mlangoni ndiyo kesi. Inaweza kuwa ekzosi, bomba la moshi, iliyopasuka pale inapoungana na injini, na hiyo hutengenezeka. Inaweza pia kuwa beringi za chini zinaliwa, na injini ya namna hiyo ukiipiga resi mlimani itakuachia vipande barabarani, mbali na kila mtu. Atakayekuambia ni ipi kwa kusoma barua tu ni mwongo, nami si mwongo.

Ila chanzo nakishuku, na kitakuuma. Ni Jumamosi zenu. Injini iliyowashwa katika baridi kali kwa muda wa kikombe kimoja haipati joto. Maji hutona ndani yake yasikauke, dizeli isiyoungua hushukia kwenye oili, na oili hugeuka uji mwepesi usiolinda chuma. Injini iliyolazwa vizuri haisahau chochote, ungeiacha ilale. Uliiamsha kila juma kwa mapenzi, nayo ikaumia kila juma. Sikusemi kwa kuketi na mke wako. Nakusema kwa ule ufunguo. Na kuwasha injini ndani ya ghala, milango wazi au imefungwa, ni kucheza na hewa ya sumu isiyoonekana wala kunukia. Mshukuru Mungu kwamba Jumamosi zote mlirudi nyumbani kwa miguu yenu.

Sasa kazi. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Ikiwa oili imepanda juu ya alama, au inanuka dizeli, au kifuniko cha juu kina ute mweupe kama mtindi, basi shuku yangu ina miguu. Imwage oili yote katika beseni safi, uitoe juani, uitikise. Ukiona inametameta kama magamba ya samaki, hicho ni chuma cha injini yako. Usiwashe tena, liite lori la kuvuta. Usipoona kitu, weka oili mpya na filta mpya, kisha liwashe likiwa nje uwanjani na usikilize.

Tena si wewe utakayesikiliza. Wewe umekata miti kwa msumeno wa injini maisha yako yote; masikio yako nayajua bila kuyapima. Mwite Irja. Mtu ambaye macho yanamwacha huanza kusikia ambacho sisi tunapuuza, na huyu kwa maneno yako mwenyewe aliusikia ugonjwa kutoka barazani, akaijua pampu ya uongo, akaujua na muziki wa uongo. Mkalishe kwenye kigoda. Chukua fimbo ndefu ya mti mkavu, ncha moja uigusishe kwenye chuma cha injini, mbali na mkanda na feni, ncha nyingine aiweke sikioni. Reino akanyage mafuta taratibu. Angalau mguu wake utapata kazi ya maana. Usogeze ncha juu, chini, pembeni, na Irja aseme kishindo kinakaribia wapi. Mpelekee fundi jibu lake. Kikitoka pembeni, kwenye ekzosi, asilale mtu ndani ya gari hilo mpaka palipopasuka pazibwe.

Kumwambia kwamba kuna tatizo, hilo umechelewa. Anajua. Asichojua ni kama utamwacha peke yake na habari hiyo. Leo hii, kabla kahawa ya jioni haijachemka, mwambie kila ulichoniandikia mimi, na kwa maneno mafupi zaidi. Umwombe radhi kwa ile redio.

Safari haijafa, kwa sababu hakuahidiwa gari, aliahidiwa bahari. Macho yake hayatangoja fundi wala vipuri. Juhannus ndiyo mwisho. Gari likiwa limepona na fundi ameliruhusu kwa kauli yake, ondokeni nalo. Kama bado, liacheni ghalani mchukue basi la kaskazini, au Reino awapeleke kwa gari lake dogo na hema lenu la zamani nyuma. Mdomo wa kushauri alikuwa nao. Atakuwa na mkono wa kushika usukani.

Baridi ijayo Jumamosi zenu ziendelee, na milango ya ghala muifungue, na Irja aulize mmefika wapi. Funguo ziachwe nyumbani, mbebe blanketi.

Na mtakapofika huko mwisho wa barabara mkakuta ukungu umelala kama ule wa ujana wenu, usimwambie mwaka ujao. Weka kiti kinachotazama majini, mmiminie kahawa, mkae hapo hapo mpaka ukungu uinuke.

Helvi Ruokola
Mshauri wa magari