Pindo la Blanketi la Renatha

Mama Bernadeta, mshauri wetu wa gazetini,

Kama umenizidi umri, shikamoo, na kama hujanizidi unisamehe, maana nakuandikia kama mtoto aliyepotelewa na kitu na hajui amuulize nani. Naitwa Muganyizi, mwalimu mstaafu, mtu wa Bukoba ila maisha yangu yote ya ndoa nimeyaishi hapa Bwiru, kwenye nyumba iliyojibana katikati ya mawe, ukifungua mlango wa nyuma unaliona ziwa lote, na asubuhi nyingine ukungu unatanda mpaka hujui kama kilicho mbele yako ni maji au ni mawingu yameshuka kupumzika. Hapo nyuma ndipo marehemu mke wangu Renatha alipokuwa akikaa, juu ya jiwe pana, akishona blanketi la viraka, viraka vya vitenge vyake, vya magauni ya binti yetu Kokulinda alipokuwa mdogo, vya mashati yangu ya kazini, akaviunganisha, katikati akaweka blanketi jepesi, chini akaweka shuka jeupe, akashona vyote vitatu vikashikana, ikabaki kazi moja tu, kuzipinda kingo, ndipo akaugua, na hakuinuka tena.

Blanketi likakaa kabatini miaka na mimi nikakaa kama lenyewe. Halafu mwaka jana, nikiwa kwenye kivuko cha Kamanga, upepo ukaninyang'anya kofia, na mama mmoja aliyekuwa amesimama karibu na magunia ya dagaa akaikanyaga isiende majini, akaifuta, akanirudishia akicheka, na kicheko hicho, Mama Bernadeta, nimekuwa nikikisikia hata nikiwa peke yangu sebuleni. Ndiye Dorotea, mjane, anakaa ng'ambo kulekule Kamanga, anashona sare za shule na nguo za watoto. Tumetembeleana, tumekula pamoja, nami nikaanza kuwaza kwamba akija kuishi kwangu itapendeza blanketi lile liwe kitandani, limekamilika, ili nyumba isiwe na kitu kilichokatikia njiani.

Basi nikalitoa. Nyuzi za kingo zilikuwa zinachomoka kila nikigusa. Nikawaza kununua utepe wa satini, ule wa kung'aa rangi ya dhahabu, niuzungushe pande zote. Nikampigia Kokulinda, yuko mjini Nyamagana, anafanya kazi benki, akaniambia, "Baba, liache hivyohivyo. Mama aliishia hapo, na sisi tuishie hapo." Nikakata simu, ila sikulirudisha kabatini.

Jumapili moja baada ya misa Dorotea akaja. Blanketi lilikuwa limeanikwa juu ya jiwe, jua limetulia, ziwa halina hata kunyanzi moja, ndege minandi wamejipanga kwenye mawe ya majini wamekunjua mabawa kama nguo zilizoanikwa. Dorotea akaligeuza blanketi, akalitazama muda mrefu upande wa chini, hasa lile shuka jeupe ambalo limezidi pande zote kwa upana wa kiganja, jambo ambalo siku zote nilidhani Renatha alikosea kupima. Akatoa sindano kwenye mkoba, akawa analikunja lile shuka kuja juu na kulishikiza kwa nyuzi ndefu, taratibu, akiimba chini kwa chini, na mimi kwenye kiti changu, na shibe ya ndizi na sato, nikasinzia.

Nikamwona Renatha. Alikuwa amesimama ziwani, maji kwenye vifundo vya miguu, blanketi ameliachia juu ya maji, na viraka vinaachiana kimoja kimoja na kuogelea kama visamaki, cha bluu, cha njano, lile shati langu la milia, naye hana wasiwasi, ananitazama tu, anasema, "Muganyizi, shika huko." Nikanyoosha mkono.

Nilichokamata ni mkono wa kiti, maana sauti ya Kokulinda ilikuwa imeniamsha. Alikuja bila kuniambia. Alikuwa amesimama mbele ya Dorotea.

"Nani amekuambia uguse kazi ya mama yangu?"

"Nimeshikiza tu, mwanangu. Sijakata wala kuongeza chochote."

"Mimi siyo mwanao."

Akainama, akavuta nyuzi zote zikatoka. Dorotea akaziokota juu ya jiwe, akazikunja, akazitia kwenye mkoba. Akaniambia, "Baba Koku, naomba uniitie bodaboda." Nami nikaita bodaboda. Mama Bernadeta, sikusema neno lingine lolote, wala kwake wala kwa binti yangu, nilikuwa bado nusu yangu iko kule majini. Tangu siku hiyo Dorotea anajibu salamu zangu na si zaidi, Kokulinda hapigi simu, blanketi liko kwenye kochi, na kila nikilala mchana Renatha ananiambia nishike, sijui nishike nini. Nifanyeje na kingo hizi, niweke utepe, nizikunje, au niziache? Na nani azishone?

Muganyizi, Bwiru

JIBU

Mwalimu Muganyizi, marahaba, ingawa nadhani tumelingana.

Pole kwa msiba. Unamkumbuka mkeo vizuri, na hilo siligusi. Ndoto zako pia sizigusi. Mimi sitafsiri ndoto. Nikwambie tu kwamba mtu anayelala kila siku saa ambayo wenzake wanagombana nyumbani kwake, ataota sana.

Mimi nimeshona kabla sijaanza kuandika safu hii, kwa hiyo tuanze na shuka. Renatha hakukosea kupima. Mtu aliyeunganisha viraka vyote hivyo hawezi kukosea pande zote nne kwa kipimo kilekile. Aliliacha lizidi makusudi, ili alikunje kuja juu, liwe ndiyo pindo. Dorotea alipoligeuza akaliona hilo, ndiyo maana alitazama muda mrefu. Hakuleta kitambaa chake wala hakuleta wazo lake. Alikuwa anaendeleza kazi ya mwenzake pale ilipoishia. Akafukuzwa kwa hilo, na wewe ukaita bodaboda!

Nilisoma hapo nikakasirika, nikakupigia kwenye namba uliyoiacha. Wasomaji, mazungumzo yalikuwa hivi.

"Mwalimu, unamwoa huyu mama au humwoi?"

"Nampenda, Mama Bernadeta."

"Umemwambia?"

"Nilimwambia... nilimwambia ningependa blanketi liwe kitandani."

Jamani. Mwanamke unamwambia habari za blanketi la marehemu, tena kwamba atalala chini yake! Dorotea ana moyo mpana, ila asibebeshwe hilo. Mnunulie blanketi lake, mchague wenyewe, rangi mnayoitaka.

Na binti yako naye usimwone mkorofi. Alifika akakuta mtu asiyemfahamu ameshika kitu cha mwisho alichoshika mama yake, na baba yake anakoroma. Kwenye simu ulikiri kwamba hukuwa umemwambia kuna Dorotea. Angejuaje?

Kwa hiyo fanya hivi. Utepe wa satini sahau kabisa. Utateleza, utakwaruza shingo, na ukifuliwa mara mbili utajikunja kama mkia wa mbwa. Kuliacha lilivyo nako hapana, kwa sababu nyuzi zinazochomoka hazijui kuomboleza, zitaendelea kuchomoka mpaka viraka vyenyewe viachie. Pindo ni shuka lilelile. Unalikunja mara mbili ili ncha yenye nyuzi ifichike ndani, unashikiza kwanza, kisha unashona kwa mkono, hatua fupi fupi, uzi wa pamba.

Ashone Kokulinda. Mwite nyumbani, mwonyeshe lile shuka, mweleze mama yake alikuwa anaelekea wapi. Mwambie pia habari za Dorotea, kwa mdomo wako, ukiwa macho, umekaa wima. Likiisha, blanketi aende nalo kwake. Ni la mama yake na utoto wake umo ndani.

Wewe vuka Kamanga. Usimpelekee zawadi. Mwombe radhi kwa kunyamaza kwako, kisha mwambie lile ulilonieleza mimi kwenye simu, nusu ya kwanza tu. Akikataa, umesikia na umeheshimu. Akikubali, mpeleke kwa binti yako mlangoni kama mgeni, apige hodi, akaribishwe.

Wasomaji, nilimweleza Mwalimu haya yote kwenye simu kabla ya kuyachapa, akasema, "Nimekuelewa, Mama," kwa sauti ya mwanafunzi. Jana, safu ikiwa tayari kwenda kiwandani kuchapwa, akanipigia mwenyewe. Alikuwa amerudi nyumbani kutoka Kamanga. Dorotea hajasema ndiyo, ila amemkaangia samaki na kumwambia arudi Jumamosi. Nikamuuliza kuhusu Kokulinda. Akasema binti amekaa kwenye jiwe tangu asubuhi, amelia, ameshona, amemaliza upande mmoja mzima.

"Sasa amefika kwenye kona," akasema, "anaomba namba ya Dorotea. Anasema anataka kumuuliza kona inakunjwaje. Nimpe?"

Mpe, Mwalimu. Mpe, halafu ingia ndani uwaachie nafasi wazungumze.

Mama Bernadeta