Olrait

Jumatano, Agosti. Upepo tangu alfajiri, vumbi hadi ndani ya meno.

Pip pip pip pip. Mlio huo haunitoki. Niliusikia mara ya kwanza kwenye simu, yaya Furaha, dada yangu mkubwa, alipokuwa anavuka barabara kule Leicester. Ndiyo roboti yao, taa ya barabarani: unabonyeza kitufe, unangoja mtu wa kijani, taa inalia, unavuka. Hata kama barabara haina gari, watu wanangoja. Nilicheka. Hapa Point, mtaa wetu wa ugenini, tunavuka kwa imani.

Furaha alitaka Mama aende kuishi naye. Fomu za viza zilijazwa, na mimi nikawa mwalimu. Kila jioni, chumbani kwetu, nilimfundisha Mama Uingereza ambayo sijawahi kuiona. Ukikanyagwa, omba radhi wewe. Usimsalimie usiyemjua. Panga foleni hata kama mko wawili.

Mama alisoma kwa bidii. Mwezi uliopita, pale Warwick, soko la hapahapa mjini, alisimama robo saa nyuma ya mwanamume mmoja aliyeegemea ukuta. Kumbe ni Mrundi, anamngoja mkewe. "Mama, hapa hakuna foleni," akamwambia. Mama akanigeukia: "Nilikuwa nafanya Uingereza yangu."

Somo gumu lilikuwa salamu. Furaha alinieleza kwamba kule jirani anakuuliza "Olrait?", yaani uko sawa, huku anaendelea kutembea. Unajibu "Olrait, na wewe?" na yeye ameshapita.

"Na kama niko mugonjwa?" Mama aliuliza.

"Sema olrait."

"Hata kama niko nakufa?"

"Hata hapo, Mama."

"Basi hiyo si salamu. Ni kupiga honi."

Lakini alijifunza. Na mimi, niseme ukweli, nililipenda somo hilo kuliko yote. Kwetu Bukavu salamu ni kazi: umelalaje, mgongo je, ndoto je, na jibu la kila swali lina mlango wa swali lingine. Kila asubuhi nilikuwa nachelewa kufungua duka la simu ninapofanya kazi. Kwa Kiingereza tulimaliza kabla sijafunga viatu.

Nilikuwa nimechoka na mama yangu. Sijawahi kuandika sentensi hiyo.

Jumatatu jioni nilimwona anasonga bugali kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa ndani ya sweta, umevimba kama mhogo.

"Nilianguka ku ngazi," alisema. "Jumamosi."

"Mama! Siku tatu? Mbona hukuniambia?"

"Si uliniuliza asubuhi kama niko olrait? Nikajibu vile ulinifundisha."

Hakuwa ananisuta. Alitaka nimsifu.

Jana tumeshinda kliniki. Mfupa wa kifundo cha mkono umepasuka, wamemfunga plasta. Kwenye benchi, kati ya watu waliokuwa wanakohoa, nilimsalimia upya, kwa salamu yetu yote, kuanzia usingizi. Akajibu yote. Mgongo unamsumbua. Ameota shamba la bibi. Nikafika kwenye safari, nikamuuliza kama anataka kwenda.



"Sitaki. Ile baridi ni ya nini? Lakini weye unachoka na mimi, mwanangu. Furaha hajachoka bado."

Kukana kungekuwa uongo, na yeye angejua. Nilisema tu, "Ni kweli, nachoka." Akanipigapiga goti kwa ule mkono mzima, kama vile mimi ndiye niliyevunjika.

Nimejiuliza nachoka na nini hasa. Na maswali yake? Au na kuwa mtu pekee katika mji huu mzima anayeulizwa amelalaje na mtu anayengoja kusikia? Sijui. Uchovu haukuondoka kwa sababu nimeuelewa nusu. Leo nimeamka nao, umekaa palepale mabegani.

Miadi ya Mama ya kuchukuliwa alama za vidole za viza ilikuwa Ijumaa hii. Asubuhi, alipokuwa anakunywa chai, nilimwambia ninachotaka kufanya, akasema, "Fanya." Nimeifuta kabla ya kufungua duka. Yaya Furaha nimempigia baadaye, si kabla, kwa maana angenishawishi, na isingemchukua hata dakika mbili.