Neno "Nipo" kwenye Mashine ya Orpa

Tunduma, Jumapili, 15 Juni

Orpa mdogo wangu,

Leo baridi imeamka kabla yetu. Upepo unapita na vumbi tangu asubuhi, na madereva wanaosubiri kuvuka kwenda Zambia wamejifunga mashuka mabegani. Nimevaa sweta lako la kijani. Mikono yake inaniishia karibu na kiwiko, lakini nimelivaa hivyo hivyo.

Nakuandikia kwenye ukurasa huu ulioniundia mwenyewe, ukasema, "Andika tu, kaka, hata wakisoma watu watatu." Wanaosoma ni kama watatu kweli. Kwa ajili yao nieleze kidogo. Orpa ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Orpa tulimzika mwezi Machi kijijini kwetu Hasamba, nyuma ya mibuni ya baba. Yeye alisoma kompyuta mpaka chuo. Mimi niliishia kidato cha nne, nikapata kazi ya kutunza ofisi ya Bi Zuhura, mama wa Kitanga anayeshughulikia nyaraka za malori hapa mpakani. Yote ninayoyajua kuhusu mashine nimefundishwa na mdogo wangu.

Leo nina jambo la kukiri.

Unaikumbuka mashine kubwa ya ofisini, ile uliyoikuta imetupwa stoo kwa sababu mifumo mipya haikitambui tena kidhibiti chake cha diski, yaani ile kadi inayopokea maombi ya kusoma na kuandika na kuyapeleka kwenye diski. Ulikaa nayo wiki nzima. Ukaandika upya kile kipande cha kiini cha mfumo kinachozungumza na kadi hiyo. Kwenye laptop yako yenye prosesa moja, yaani ubongo mmoja wa kufanya kazi, kila kitu kilikwenda sawa. Ulipokihamishia kwenye mashine kubwa yenye prosesa mbili, ikawa inaganda. Ukaweka mstari wa kuandika neno kwenye skrini kila ombi linapokwenda, ili uone inapofia. Ajabu, tangu siku hiyo haikuganda tena.

Neno ulilochagua ni "Nipo."

Miaka miwili skrini ile ya pembeni iliandika nipo, nipo, nipo, kutoka juu hadi chini, wateja wakidhani ni tangazo. Ulipolazwa ulikuwa unanipigia simu kila mchana. Hukuanza na habari za chakula wala za dawa.

"Kaka, inasemaje?"

"Inasema nipo."

"Haya basi."

Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho pia. Sikujua kwamba ni ya mwisho, ningeongeza neno.

Baada ya msiba nilirudi kazini, skrini ikawa pale pale na neno lake. Nilivumilia. Niliigeuzia ukutani, nikawa naona mwanga wake kwenye rangi ya ukuta. Mwezi uliopita akaja dereva mmoja Mzambia, mtu mwema tu, akasalimia, "Mulishani, ba Laza," akazunguka meza na kusoma. Akauliza, "Nani huyu anasema yupo? Yuko wapi?"

Mchana ule, wenzangu walipokwenda kula, nililitafuta neno lako ndani ya faili, nikaufuta ule mstari, nikaunda upya kile kipande jinsi ulivyonifundisha, nikaiwasha mashine. Skrini ikabaki nyeusi. Nikakaa nikaitazama, nikahisi nimepumua kidogo.

Nilifuta neno lako, Orpa. Ndilo ninalokiri.

Kesho yake saa nne mashine iliganda. Taa ya diski iliwaka bila kupepesa. Saa ya kwenye skrini ya mbele ilisimama, na hata kile kitaa cha kibodi hakikubadilika nilipobonyeza kitufe chake. Nikaizima, nikaiwasha. Ikaganda tena alasiri. Siku iliyofuata ikaganda mara tatu, nje malori yanangoja karatasi.

Hutaamini, lakini sikuunganisha mambo hayo mawili. Au sikutaka. Nilipuliza vumbi, nikabadilisha nyaya, nikaisogeza mbali na dirisha. Shabani, karani wetu, alikuwa na lake kila inaposimama.

"Fundi, mgonjwa amelala tena? Muadhinie sikioni, labda ataamka."

"Kaka Shabani, niache nifanye kazi."

"Nakuacha. Ila huyu si wa fundi tena, huyu ni wa dua."

Bi Zuhura hakucheka. Aliniita, akanikalisha, akasema kwa upole, "Laza mwanangu, najua mashine hii ni mkono wa mdogo wako. Ningekuwa na uwezo wa kungoja ningengoja. Lakini madereva wanalala njiani kwa ajili yangu. Nakupa mpaka wiki ijayo, Ijumaa. Ikishindikana itakwenda kwa watu wa vyuma chakavu."

Nikasema, "Sawa, mama." Sikumwambia nilichofanya. Nilimwacha aamini kwamba imezeeka.

Nilijaribu kwanza kiini chako cha zamani, kile cha prosesa moja. Haikuganda, ila ilijikokota, watu wakajaa mpaka mlangoni. Ndipo nikajua kwamba ugonjwa uko kwenye prosesa mbili, siyo kwenye vumbi. Nikafungua tena faili uliyoandika, safari hii nikasoma mstari kwa mstari kama ninavyosoma barua. Juu kidogo ya pale nilipofuta palikuwa na maneno yako, yale ambayo mashine huyaruka na watu tu ndio huyasoma:

"Hapa sijaelewa. Ukitoa mstari unaofuata, inaganda. Nitarudi."

Siku ile niliyofuta sikuyasoma. Nilitafuta neno moja tu nikalifuta, macho yangu hayakuwa mazuri.

Nilirudisha mstari. Skrini ikaanza, nipo, nipo, nipo, na mashine ikafanya kazi mpaka tunafunga ofisi. Shabani akaja kuangalia, akaona ninavyolia, akaenda kuniletea chai bila kusema kitu. Yule kijana ana moyo, asikudanganye mdomo wake.

Ningeweza kuishia hapo. Bi Zuhura alikuwa ameridhika. Lakini ulikuwa umesema utarudi, na hakuna mwingine wa kurudi badala yako.

Kwa hiyo jioni, kazi zikiisha, nikawa naliondoa neno na kuiachia mashine ikopi mafaili makubwa mpaka igande. Ulinifundisha kuwasha yule mlinzi wa ndani, anayepiga kelele prosesa moja ikikaa mno bila kusogea. Ilipoganda aliandika kwenye skrini orodha ya mahali prosesa ile ilipopita, na mimi nikaipiga picha kwa simu. Nilikusanya picha tisa, nikazichapisha. Nikazipanga kitandani nyumbani kama picha za harusi, nikatafuta kinachofanana.

Katika zote, prosesa ile ile ilikuwa imepita mara mbili mahali pamoja, pale pa kushika kufuli. Mara ya kwanza ilishika. Mara ya pili inangoja.

Nikamkumbuka mama.

Unakumbuka siku ile ya mvua, mama yuko ghalani anapima mahindi, mgeni akapiga hodi? Mama akatoka, akafunga ghala, akampokea mgeni, akataka kumtolea mahindi, ufunguo haupo. Tulitafuta sote. Tuligeuza mkeka, wewe ukatambaa uvunguni mwa kitanda. Mgeni amesimama, mama amesimama. Ufunguo ulikuwa kwenye pindo la khanga yake mwenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa ndani ya mashine. Prosesa inapotaka kugusa foleni ya maombi ya diski inashika kufuli, ili mwenzake asiingize mkono kwa wakati huo huo. Ikiwa bado imelishika, kidhibiti kinapiga hodi kusema diski imemaliza. Prosesa inaacha kila kitu na kwenda kuitika. Kuitika nako kunataka kufuli lile lile. Basi inasimama kungoja liachiwe, na aliyelishika ni yenyewe. Ya pili inakuja, nayo inangoja nyuma yake. Kwenye prosesa moja mfumo hauweki kufuli kabisa, maana hakuna mwenzake wa kugombana naye, ndiyo maana laptop yako haikukuonyesha kitu.

Na neno lako? Kuandika neno kwenye skrini kunachukua muda kidogo. Katika muda huo diski ilikuwa imeshajibu, hodi ikafika kabla kufuli halijashikwa. Ulikuwa unaichelewesha tu, bila kujua, kama mtu anayemzuia mwenzake mlangoni kwa salamu.

Dawa yake ni kuiambia prosesa izibe masikio kwanza kabla ya kushika kufuli, na iyazibue ikishaachia. Ulilijua hilo. Mahali pa kushika kufuli ni patano, na kwenye panne uliziba masikio vizuri kabisa. Pa tano ulisahau.

Nilitamani nisipaone. Wewe uliyekuwa unanikagulia vifungo vya shati kabla ya kwenda kanisani, ulisahau mahali pamoja. Nikaangalia tarehe uliyoiandika juu ya faili. Ilikuwa wiki ile ulipoanza kukohoa, ukasema ni vumbi la Tunduma.

Nilirekebisha mstari huo mmoja. Jumatano asubuhi nikaiwasha mashine bila neno lako, prosesa zote mbili, kazi zote za ofisi, na mafaili makubwa yanakopiwa juu yake. Jumatano ikapita. Alhamisi ikapita. Ijumaa ya Bi Zuhura ikafika, akaja mwenyewe, akasimama mbele ya ile taa ya diski ikipepesa, akauliza, "Imepona?"

Hapo nikamweleza yote, pamoja na kufuta kwangu. Kisha akasema, "Nilipofiwa na mume wangu niligawa viatu vyake siku ya tatu, halafu nikaenda kuviomba virudi. Mashine itabaki, mwanangu."

Jana haikuganda, na leo asubuhi nimepita kuitazama. Nimekuwa nikijiuliza nifanye nini na neno lako, maana mashine haina haja nalo tena. Mimi ninayo. Lakini maelfu kwa siku, hapana, siwezi.

Kwa hiyo nimeuhamisha ule mstari. Nimeuweka mwanzo kabisa, pale mashine inapoamka. Kila asubuhi nitakapoiwasha itasema nipo mara moja, kama mtu aliyefika kazini, halafu itanyamaza na kufanya kazi yake. Leo nimeijaribu. Imesema. Nimeitika kwa sauti, bahati nzuri ofisi haikuwa na mtu.

Maneno yako ya "Nitarudi" nimeyaacha palepale. Chini yake nimeandika, "Imeeleweka. Ulisahau mahali pamoja tu. Laza."

Jumamosi nitapanda kwenda Hasamba. Mama anasema kahawa imeiva upande ule ulikolala wewe, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuichuma. Nitaanza mimi.

Huku tunakutaja kila siku, hata Shabani. Nawe huko uliko, zikifika zile saa za mchana tulizokuwa tunapigiana simu, nikumbuke.