Kichujio cha Tatu

3 Machi

Baba, shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeniachia. Nyinyi hamjambo dukani? Mama anasema wewe na Baba Mdogo hamsemezani tangu mgombanie jina la nani liandikwe kwenye kibao cha duka, na mwisho wa mwezi fundi anakuja kujenga ukuta katikati ya duka. Naumia, Baba. Mmetengeneza miwani pamoja tangu sijazaliwa.

Mengine ni ya kazi. Huku maabara tunarusha mwanga chembe moja moja, tunaziita fotoni, kwenye vichujio kama vioo vya miwani yako ya jua. Fotoni ikikuta kichujio kilicholala mshazari, haikatiki nusu. Inapita nzima au inazuiwa nzima, na hakuna ajuaye mapema itakuwaje. Ikipita, inatoka na mshazari wa kichujio kile. Mkao wake wa zamani umekwisha. Nakutumia vichujio vitatu uchezee.

Binti yako

12 Machi

Marahaba, mwanangu. Wazima sote, ila goti langu lina kiburi. Ukuta uache, hayo ni ya wakubwa. Vichujio viwili nimevipishanisha, kimoja wima kimoja kimelala, giza totoro. Nikaweka cha tatu nyuma yake, giza lile lile. Yaani umenitumia giza kwa posta?

Baba

19 Machi

Shikamoo, Baba. Pole na goti. Si nyuma! Cha tatu kiingie katikati ya vile viwili, mshazari. Vishike kwa mkono, usivibandike na gundi, vitaharibika.

Binti yako

2 Aprili

Marahaba, mwanangu. Goti limetulia. Fundi alikuja na matofali yake, nikamwambia asubiri nimalize mchezo wako. Kichujio mkono wa kulia, kichujio mkono wa kushoto, cha tatu nimekiuma kwa meno, sioni kitu. Baba Mdogo wako yuko upande wake anacheka chini chini. Ikabidi niseme, "Njoo ushike hapa, acha kujichekesha!"

Akaja. Akakiingiza katikati, akakizungusha pole pole, na dirisha likaonekana! Tulipiga kelele mpaka fundi akadondosha mwiko. Sasa yeye anadai fotoni zinapita kwa zamu, mimi nasema ni bahati tu. Miwani ya watu imechelewa kwa ubishi huo. Jina la kibaoni bado tunaligombania, ila sasa kwa mdomo. Matofali tumejengea benchi la wateja. Nimefurahi, mwanangu, nisikufiche.

Hebu niambie: ulikumbuka kwamba nina mikono miwili tu?

Baba

Alikumbuka, kaka, tena vizuri sana. Ni mimi, Baba Mdogo, nimeongeza haya kabla barua haijafungwa.