Magurudumu Manne Yaliyobaki Iringa

Ilomba,
Mbeya.
14 Julai 2024.

Mpendwa mdogo wangu Sosthenes,

Kamwene. Mama ndiye aliyetaka nianze hivyo, kwa salamu ya nyumbani, nami sikuona ubaya, maana salamu haimpunguzii mtu kitu. Natumaini barua hii inakukuta u mzima wa mwili. Habari za moyo wako sikuulizi, hizo ninazo.

Sisi huku hatujambo, tukiondoa baridi ya mwezi huu iliyotupasua midomo, na macho ya Mama. Mtoto wa jicho amemfunika jicho la kulia kabisa, na kwa la kushoto anaona mwanga na kivuli cha mtu. Nakwambia mapema ili usishangae akikupapasa uso. Ndiyo, utamwona, nitafika huko.

Unajiuliza kwa nini nimekuandikia barua kama watu wa zamani. Namba yangu umeifungia kwenye simu yako tangu mwaka juzi, na karatasi haifungiwi. Tena Mama amekaa hapa kando yangu jikoni, ameshika kikombe cha chai, ananitajia maneno ya kukuandikia. Anasema niandike kwamba yaliyopita si ndwele. Mimi naitikia "ndiyo, Mama", na kalamu inakwenda zake.

Nikukumbushe kidogo, kwa sababu wewe husahau yale yasiyokupendeza. Tulipomaliza matanga ya Baba uligombania ile Land Rover yake mbele ya wageni, sahani za wali hazijaoshwa. Ulisema mtoto wa kike aliyeolewa hana urithi wa gari. Uliniambia hivyo mimi, niliyekuwa namgeuza Baba kitandani miaka miwili wakati wewe uko Iringa unauza viatu. Nikakujibu, na matusi nikatoa, sikatai. Ndipo Baba Mdogo Liberatus na wazee wenzake wakatuketisha na kutoa ile hukumu wanayojisifia mpaka leo: bodi libaki kwangu Ilomba, magurudumu yote manne yaende kwako Iringa. Atakayetaka gari litembee amwite mwenzake, wakae, wapatane.

Wazee wale hawakukujua, na mimi pia hawakunijua. Gari lilikaa juu ya matofali uani kwangu miaka mitano, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Hukuja, wala sikukuita. Aliyeiamini ile hukumu ni Mama peke yake. Kila Jumamosi alilifuta gari vumbi kwa kanga yake kuukuu, akisema lisikutwe chafu siku utakayokuja.

Sijui kama unakumbuka Baba alivyokuwa akibadilisha tairi. Alitaka sote wawili tuwepo. Wewe alikupa spana. Mimi nilishika nati kwenye pindo la gauni na kumpa moja moja, tano kwa kila gurudumu, na grisi ikaliharibu gauni langu la Kipaimara. Wazee walipokukabidhi magurudumu, nililikumbuka gauni lile.

Mwezi wa nne Mama alikupigia simu. Alikuomba uyalete, ili apelekwe kwenye kaburi la Baba huko Mafinga kabla jicho la pili halijazimika. Alidhani niko shambani. Nilikuwa nyuma ya dirisha naanua nguo, na simu ya Mama unaijua, huweka sauti ya juu mpaka mtaa unasikia. Ulimjibu: "Mwambie Lea aje mwenyewe apige magoti, ndipo nitafikiria." Mama alikata simu, na jioni akaniambia kwamba unanisalimia sana.

Nipige magoti kwako, Sosthenes, mimi niliyekubeba mgongoni mpaka ukaniachia kovu la mbeleko. Sikulala vizuri siku ile. Asubuhi nilikwenda Mbalizi kwa fundi Zabron, yule anayenunua magari yaliyopinduka.

Nilimweleza kuwa nina Land Rover ya zamani isiyo na magurudumu. Akasema hilo dogo. Gari lile hufungwa kwa nati tano, na rimu za matundu matano za kulitosha zipo, ameona seti nzima Chimala. Nikamwambia za tano sizitaki. Nikamwonyesha kwa kidole pikapu ya Toyota iliyolala ubavu uani kwake, ambayo magurudumu yake yana nati sita, nikasema nataka yale.

Zabron alinitazama kama anayetazama mlevi. Matundu sita hayaingii kwenye stadi tano, vile vyuma vinavyoshika nati, hata ukisali novena. Akanieleza njia zilizopo. Kutoboa rimu upya alikataa mwenyewe, akasema gurudumu litaniaga pale Mlima Nyoka, litangulie kufika Uyole. Kuweka sahani nene ya chuma katikati, yenye tano upande mmoja na sita upande wa pili, alisema inawezekana, na siku nikipata rimu zangu anaing'oa tu. Njia ya mwisho ni kutoa ekseli zote mbili pamoja na habu zake zinazobeba magurudumu, kukata vishikio vya zamani, na kuchomelea vingine vya kubeba ekseli za pikapu. Hiyo ndiyo niliyoichagua, na gari likabebwa kwa lori mpaka kwake.

"Dada, tukishakata hapa hairudi. Magurudumu yako ya zamani hayatafungika tena kwenye gari hili," alisema.

"Ndiyo maana nimekuja kwako," nikamjibu.

Zile ekseli za Baba nilimwachia, naye amekwisha kuwauzia watu wa vyuma chakavu. Lori limepita limezibeba, hata mimi siwezi kuzipata. Kwa hiyo, mdogo wangu, hayo manne uliyoyafungia stoo mpe wifi yangu Happy apandie maua. Ulikuwa umeshika nusu ya gari, ukajiona mkubwa. Sasa umeshika mipira mikuukuu. Najua utalalamika kwa watu kwamba nimekufanyia ukatili. Mtenda akitendewa hudhani kaonewa.

Hapa Mama ameniuliza mbona naandika kwa muda mrefu. Nimemwambia nakueleza habari za shamba. Amefurahi, akasema niongeze kwamba parachichi mwaka huu zimezaa mpaka matawi yanakatika. Basi, parachichi zimezaa.

Sasa nikusimulie siku niliyolirudisha gari nyumbani, maana nayo inakuhusu. Niliingia nalo uani jioni nikipiga honi. Mama alikuwa nje anapepeta maharage. Ule mngurumo anaujua, injini haikuguswa. Aliutupa ungo, akaja akipiga vigelegele na kuita jina. Si jina langu, Sosthenes, ni lako. Alilipapasa gari kwa mikono miwili, akagusa tairi la mbele, akalia kwamba yamerudi, akazunguka upande wa pili kukutafuta. Akafungua mlango wa abiria na kupapasa kiti. Majirani walikuwa wamekwisha kujaa langoni, nao wanashangilia bila kujua wanashangilia nini.

Nilimwacha atafute. Ningeweza kusema mapema, sikusema. Nilitaka akiguse mwenyewe kile kiti kitupu, ajue kwamba mwanawe wa kiume hayumo. Alipokuwa amepapasa mpaka nyuma, kwenye magunia, nikamwambia: "Si yeye, Mama. Haya nimeyaazima kwa fundi."

Aliketi chini palepale, kwenye maharage yaliyomwagika. Niliumia, nakwambia waziwazi. Na bado nilikuwa na hasira, kwa sababu hakuniuliza hata nimewezaje kulifufua gari lililolala miaka yote ile. Aliuliza tu kama una habari.

Kaburini hakwenda. Nilimbembeleza, nikamwekea mto kwenye kiti, akakataa kupanda. Alisema hilo bado si gari la mumewe. Lakini lile neno, kwamba nimeyaazima, alilishika. Kwa akili yake, cha kuazima kinarudishwa kwa mwenyewe, halafu yanafungwa yale ya Iringa. Ndipo akakata shauri kukufuata.

Jumanne anapanda basi. Tupokigwe, binti wa jirani anayesoma chuo huko Iringa, atamfikisha mlangoni kwako. Barua hii ataileta Mama mwenyewe, amekwisha kuitengea nafasi kifuani, ndani ya leso. Anaamini ni barua ya kukuomba radhi. Anaamini nimepiga magoti kwenye karatasi, na kwamba ukiisoma tu utayapakia magurudumu na kurudi naye Mbeya, Baba Mdogo ataitwa, utayafunga mbele yake, kisha tutakwenda kaburini sote watatu. Basi litapita Mafinga. Nimemwambia ashuke hapo, Tupokigwe amsindikize kaburini, halafu waendelee na safari. Amekataa. Anataka kushuka pamoja na sisi.

Mimi sikumwambia kwamba hayatafungwa. Nimemvunja moyo mara moja pale uani, mara ya pili ni zamu yako. Sasa hivi unaposoma hapa ameketi karibu nawe, amekuelekezea uso, anasikiliza unavyopumua. Atakuuliza dada yako amesemaje. Ukimwambia kweli, atakuwa ameisikia kwa kinywa chako, si changu. Ukimdanganya, itakubidi uyabebe magurudumu uje naye mpaka hapa kwangu, uchuchumae mbele yake na spana mkononi, uyajaribu. Macho yake ni mabovu, lakini mikono yake inaona. Chagua.

Wifi Happy msalimie sana. Mtoto wako Blessing mwambie shangazi yake anamkumbuka, nasikia meno ya mbele yameng'oka. Yeye hana kosa. Baba Mdogo Liberatus anakusalimu pia, na anauliza kila mara kama ile dawa yao ya kutupatanisha imeanza kufanya kazi.

Mama anamwomba Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akuongezee siku za kuishi. Nami nasema amina. Uwe nazo nyingi, na katika zote uikumbuke hii ya leo.

Mama ameniagiza nimalizie kwa neno "akupendaye". Nimemuuliza kama ni lazima. Amesema ni lazima, kwa sababu sina mwingine.

Dada yako akupendaye,
Lea