Vitofali vya Chini ya Ngazi

Matrah, Maskat
20 Shaaban 1389

Kwa dada yangu mpenzi Hind binti Suud,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta wewe, shemeji na watoto mko wazima, na kwamba huko Dar es Salaam mmeshaanza kutafuta tende za Ramadhani. Sisi huku miili yetu haijambo. Joto limepungua kidogo, ingawa majabali haya ya Matrah yakishashika jua hayaliachii upesi. Mke wangu Muhsina anakusalimu sana. Siku hizi amenuna, na ana haki yake, kama utakavyoona humu ndani.

Barua yako ya mwisho nimeipata. Unasema umempata mtu wa kukuvusha Unguja baada ya Idi, na kwamba wanaokaa sasa katika nyumba yetu ya Sokomuhogo wamekubali uingie uiangalie. Unasema ilikaa imefungwa zaidi ya mwaka kabla hawajapewa, na kwamba mambo mengi yako kama tulivyoyaacha, hata lile kabati kubwa la Mama la chini ya ngazi lipo pale pale. Unataraji kumpata jirani atakayekwambia Baba alichukuliwa na nani na akapelekwa wapi. Dada, nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujafunga mzigo wako. Sikuitia posta. Nimempa Sleyum bin Harub, anayekuja huko kupitia Mombasa, na nimemwapisha akutie mkononi wewe mwenyewe.

Nitaanza mbali, unajua tabia yangu. Ukinikatiza mimi husahau nilipofika, kwa hiyo afadhali ni barua.

Bado mimi ni karani katika kambi ya kampuni ya mafuta pale Saih al-Malih. Kiingereza cha skuli yetu ya Unguja ndicho kinachonilisha. Katika kambi hiyo yuko Mwingereza mmoja, Bwana Hadley, mchoraji wa ramani, mtu mzima mwenye mvi kichwani, na mapenzi yake ni kujenga nyumba kwa vitofali vya plastiki vya kuchezea watoto. Cheka, hata mimi nilicheka. Vitofali hivyo vina vinundu juu na uwazi chini, kimoja kinang'ata kingine, na kikishang'ata hakitoki ila kwa ukucha. Jioni watu wengine wa kambini wanakwenda kuogelea, yeye anakaa sakafuni kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Tangu mafuta yalipoanza kupakiwa, zinakuja meli za Kijapani. Katika meli mojawapo yuko fundi wa mitambo anayeitwa Bwana Isobe. Siku moja aliletwa kambini kutibiwa jino, akapita barazani kwa Bwana Hadley, akaviona vile vitofali. Wallahi, nilidhani ameona ndugu yake. Safari iliyofuata alikuja na vyake, vimepangwa rangi rangi ndani ya makopo ya chai, pamoja na picha za majumba waliyojenga wenzake huko Yokohama. Kiingereza chake ni kidogo na cha Bwana Hadley kimejaa pua, basi mara nyingi mimi ndiye niliyewafahamisha.

Wanapendana wale, lakini hawapatani. Bwana Hadley anatazama nje: madirisha yalingane, ukuta usiwe na ufa, na mahali pasipoonekana pajazwe vitofali vyovyote ili nyumba ikae imara. Bwana Isobe anatazama ndani. Anasema nyumba isiyoweza kukaliwa ni jiwe tu. Hukuti amejenga chumba asichojua nani analala humo.

Ndipo waliponiambia na mimi nijenge. Nikajenga kwetu.

Nilijenga kwa kumbukumbu, na kumbukumbu yangu ni ya mtu aliyeondoka. Mwaka ule wa mavamizi, wanayoyaita wenyewe mapinduzi, mimi nilikuwa Kairo nasoma na wewe umeshaolewa Dar. Nyumbani walikuwapo Baba na Mama tu. Kwa hiyo sote wawili tumeishi na kile tulichohadithiwa na Mama: kwamba asubuhi ile Baba alikwenda shamba na hakurudi, na kwamba walimchukua njiani. Miaka yote hii umekuwa ukiwauliza waliotoka gerezani, na mimi nikimsomea Mama majibu unayoyapata. Ulipata kujiuliza kwa nini hakukaa eda? Mimi niliwahi kumuuliza. Alinijibu kwamba mjane ni aliyeletewa habari, na yeye hakuletewa.

Basi nikawa kila nikikwama katika kujenga namuuliza Mama. Ngazi ilikuwa na vidato vingapi mpaka inapopinda? Mlango wa birika la maji ulitazama wapi? Dada, hukumwona namna alivyofurahi. Mama ambaye tangu tufike Oman anajibu kwa kichwa, alikuwa akinisubiri mlangoni nirudi kazini na suali jipya. Akanieleza mpaka ubao wa roshani uliokuwa ukilia ukikanyagwa. Mimi nikawapelekea wale mabwana majibu yake, na Bwana Isobe akayaandika kwa mwandiko wao wa kusimama wima.

Mwanzoni mwa Rajab nyumba ikasimama, ghorofa mbili, nyeupe, na milango myekundu kwa kuwa hatukuwa na rangi ya mbao. Paa lake na ukuta wa nyuma vinaondoka, unaona ndani yote. Bwana Hadley akaniruhusu niipeleke Mama aione. Niliitia katika sinia nikaifunika kwa kanga kama chano cha harusi. Langoni askari akanisimamisha, akafunua, akatazama kwa muda mrefu. Akaniuliza ni nyumba ya nani. Nikamwambia ni yetu, ya Unguja. Akainama akachungulia madirishani, akaniuliza wenyewe wako wapi. Hakuwa akifanya mzaha. Nilimjibu tumehama, naye akafunika sinia haraka akaniambia nipite.

Mama aliitazama. Akapitisha kidole ukumbini, jikoni, chumbani kwako, chumbani kwangu. Kisha kidole kikashuka mpaka chini ya ngazi kikagonga. Pale, kama unavyokumbuka, palikuwa na ile stoo ya kijimlango kifupi, tulikokuwa tukiweka makaa na vyakula vya Ramadhani. Mimi nilikuwa nimepajaza vitofali, kama alivyonifundisha Bwana Hadley, ili ngazi isimame.

"Hapa mbona umepaziba?" akaniuliza.

Nilimweleza kwamba ni ujenzi tu, na kwamba hapaonekani. Aliondoka akaenda kusali, na haikuwa saa ya sala.

Kesho yake asubuhi tulikuta ngazi imeanguka. Vile vitofali vya stoo vilikuwa vimetolewa vyote na kupangwa mstari juu ya mkeka. Nikavirudisha. Asubuhi ya pili, vile vile. Nilimshuku Muhsina, kwa kuwa alikwisha kusema kwamba mwanamume mzima kuchezea vitu vya watoto ni aibu mbele ya majirani. Nikamsemea maneno yasiyofaa, naye akalia, akaapa kwa mwanawe aliye tumboni. Ndiyo, Dada, utakuwa shangazi, na nimekupa habari hiyo vibaya, nisamehe. Mpaka leo hajanisamehe yeye. Maana asubuhi nyingine niliamka mapema kidogo nikaona kucha za Mama. Zilikuwa zimekatika, na vidole vina damu kavu.

Niliogopa. Sikumwambia mtu. Nikaanza kuiogopa na ile nyumba yenyewe, nikipita pembeni mwake kama inayoweza kunishika nguo.

Meli ya Bwana Isobe ilirudi mwezi huu. Nilimwambia tu kwamba Mama hapendi stoo ijazwe. Akafurahi sana, akasema Mama ndiye mjenzi wa kweli. Akanionyesha namna ya kuinua ngazi kwa vitofali virefu ili chini pabaki wazi, na mlango mdogo wa kufunga. Kisha akauliza suali lake la kawaida, lile analouliza kwa kila chumba: hewa inaingia wapi? Nikamwambia sikumbuki. Akasema nikamuulize Mama.

Nikaenda nikamuuliza. Ulimi wangu mwenyewe, Dada, uliobeba suali la mtu wa mbali asiyejua lolote, ukamwekea mama yangu mbele yake kama sahani ya chakula. Nilimuuliza, mama, ile stoo hewa ilikuwa ikiingia wapi?

Nilimwona akipita pale kwa macho, ukuta kwa ukuta. Akasema, "Haikuwa na pa kuingilia." Tangu hapo akawa anakaa mbele ya ile nyumba, hali wala hanywi ila kidogo. Siku hizo hizo ikafika barua yako. Nikadhani itamfurahisha, nikamsomea. Nilipofika kwenye kabati akanisimamisha. Akauliza, lipo pale pale? Nikamsomea tena. Halijasogezwa? Nikamwambia ndivyo ulivyoandika. Akafungua pindo la kanga yake akatoa ufunguo mdogo wa kufuli, umeng'ara kwa kushikwa.

Sasa nakuandikia alichoniambia, na nakuandikia kama alivyosema kwa kuwa mimi sina pa kupunguza.

Baba hakwenda shamba. Asubuhi ile waliposikia watu wanakuja mtaani, Mama alimwingiza katika stoo, akafunga kufuli kwa nje ili wadhani ni chumba cha vitu, akalisukuma kabati mbele ya mlango. Alidhani ni kwa saa moja au mbili. Walipoingia akawaambia mwenye nyumba yuko shamba. Wakaamini. Wakamchukua yeye, na wanawake wengine wa mtaa, wakawaweka skulini chini ya ulinzi. Hapo mwanamke mmoja aliwaomba walinzi wakamfungulie mumewe alikojificha. Walikwenda, na wakarudi wanacheka. Mama akafunga mdomo wake. Kila siku alidhani kesho ataachiwa. Walipoachiwa, waliachiwa bandarini, kwenye meli.

Anasema miaka yote hii alikuwa akijiambia kwamba kuna mtu alifungua. Kila ulipoandika kwamba umeuliza gereza jingine, alikuwa akifurahi, kwa sababu kama Baba yuko gerezani basi mlango ulifunguliwa. Mimi na wewe tulikuwa tukimtafuta Baba. Mama alikuwa akimtafuta aliyesogeza kabati.

Nilimkasirikia, sikufichi. Nilitoka nikakaa nje mpaka hasira ikageuka kitu kingine. Niliporudi nilimkuta amevua bangili, amejifunga nguo nyeupe, amewaambia wanawake wa jirani kwamba ameingia eda. Nikamwambia kwa upole kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, na yake ilikwisha kupita zamani, tangu mwaka ule ule.

Akanitazama kama ananihurumia. "Ndani mlikuwa na gunia la tende za Ramadhani na mtungi wa maji," akasema. "Wewe hujui babako kafa siku gani, Majid. Na mimi sijui."

Dada Hind, ndiyo hali yetu. Humu ndani ya bahasha nimetia ufunguo, umefungwa kwa kitambaa, na picha ya ile nyumba aliyoipiga Bwana Hadley, ili uone mahali penyewe. Sikuamuru uende, wala sikukatazi. Ukienda, usiende peke yako. Mchukue shemeji, na usiwaambie wenye nyumba mpaka mmefika mbele ya kabati. Ukikuta stoo tupu, tuletee habari upesi, Mama avue nguo zile. Ukikuta si tupu, msitiri, umswalie, na usituandikie zaidi ya hayo. Vitofali nimewarudishia wenyewe. Bwana Isobe aliniuliza jibu la suali lake, nikamwambia Mama amesahau.

Wasalimie watoto wote, mmoja mmoja kwa jina lake. Shemeji mpe mkono wangu. Muhsina anasema umuombee dua ajifungue salama. Na Mama yupo hapa nyuma yangu, anakusalimu kwa mapenzi, na amenikazania nisifunge barua kabla sijakuandikia maneno yake haya: ukishalisogeza kabati, usitie ufunguo papo kwa papo. Upige hodi kwanza, na ungoje kidogo.

Mimi ndugu yako,
Majid bin Suud