Karatasi ya Kufukia Nyuma ya Nyumba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua kaka Deo ndiye anayekusomea, na najua umekaa karibu na moto, umegeuza uso kana kwamba husikilizi. Sikiliza tu, Mama. Kifua kimepoa? Ulezi umekubali mwaka huu hapo Pito? Sisi tu wazima, mimi na mume wangu Gasto na mjukuu wako, ambaye ananyonya mpaka mimi nasinzia nimekaa.

Huku Kanada baridi haina adabu. Ile ya Sumbawanga ya mwezi wa sita, uliyokuwa ukinifungia vitenge viwili, huku wangeiita joto. Mimba ilinikuta jikoni hotelini, nakata mboga nimesimama mpaka miguu inavimba. Siku moja wakaleta koliflawa ya kijani ambayo sijawahi kuiona. Kila kichomozo chake ni koliflawa nzima, ila ndogo. Nikivunja hicho, nacho kimejaa koliflawa ndogo zaidi, hivyo hivyo mpaka macho yanashindwa. Nikacheka peke yangu, halafu nikalia. Mpishi mkuu akadhani nimejikata.

Nilikukumbuka wewe na lile jani la kando ya kijito. Tukitoka kuteka maji ulikuwa unachuma moja, unavunja tawi lake, kisha tawi la lile tawi, unavipanga kiganjani.

"Haya, yupi mama, yupi mtoto?"

Tulishindwa kila mara, kwa sababu kila kipande kilikuwa jani zima. Nawe unacheka: "Mmeona? Hakuna aliyepungua."

Tangu siku ya koliflawa naliona jani lako kila mahali. Barafu ikiganda dirishani inalichora. Hata yale makorongo tuliyokuwa tukiyaona tukishuka kwenda Ziwa Rukwa, kubwa lina watoto, na watoto wana wajukuu. Gasto anasema hata nyota zimekaa mafungu ndani ya mafungu. Hayo namwachia yeye.

Sasa niseme linaloniuma. Nilipokupigia kwamba nimejifungua salama, uliuliza kwanza, "Kondo lake la nyuma mmelifukia wapi?" Nikakwambia limebaki hospitali. Ukasema, "Lako na la Deo yako hapa nyuma ya nyumba. La huyu limekwenda na taka za hospitali. Basi mpeni jina la huko huko." Tangu hapo hupokei simu yangu, na jina uliahidi kulitoa wewe. Nimelia sana, Mama, sikufichi.

Lakini halikwenda hivi hivi. Mkunga alilitandaza kwanza mbele yangu, nikaona mishipa yake: shina moja, matawi, na matawi ya matawi. Nikamwambia kwetu hili hufukiwa nyumbani, na mama yangu atauliza. Hakucheka. Alichukua karatasi nyeupe, akailaza juu yake taratibu, akaibandua. Ndiyo hiyo iliyomo kwenye bahasha. Deo, mpe Mama aishike mwenyewe, wewe mikono yako ina grisi ya pikipiki.

Ule mti mwekundu unaouona si picha, Mama. Ni damu yenyewe. Najua ni kipande tu, lakini aliyenifundisha habari za vipande ni wewe. Kifukie pale tulipo mimi na Deo. Ukishanawa mikono, nipigie. Sina kinyongo, nina hamu na wewe tu.

Nisalimie shangazi anayeuza chakula stendi ya Laela, mwambie kitenge chake ndicho ninachombebea mtoto. Babu wa Mollo mpe shikamoo yangu kwa sauti, maana sikio lake nalijua.

Huku kila anayekuja kutuona anauliza mtoto anaitwa nani. Tunasema bibi yake hajatuambia. Hata wenzangu wa kazini wanaotoka nchini kwetu wananitania kwamba mimi ni mzazi nusu, hawajui waniiteje.

Ni mimi binti yako Agnesi, nasubiri kwako niambiwe mimi ni Mama Nani.